Sema: Amri au Mwaliko? Uhakiki wa Riwaya ya Speak

Riwaya: Speak
Mwandishi: Laurie Halse Anderson
Mchapishaji: Farrar, Straus and Giroux, New York, 1999

Utangulizi

Wasomaji wa jarida letu wamezoea kukutana hapa na uhakiki wa vitabu vya Kiswahili. Safari hii tumechagua riwaya ya Kimarekani iliyoandikwa kwa Kiingereza kwa ajili ya vijana. Sababu zetu ni mbili. Kwanza, wanafunzi wetu wanaisoma. Wanaazimana nakala moja mpaka jalada linachanika, kisha wanatuuliza kwa nini darasani tunachambua kila kitu isipokuwa vile wanavyovisoma usiku. Pili, riwaya hii inahusu jambo ambalo mwalimu wa lugha hawezi kulikwepa: nani anasema, nani ananyamaza, na nani amemnyamazisha mwenzake.

Riwaya yenyewe inahusu msichana aliyebakwa, akapoteza sauti yake, akaanza kuujeruhi mwili wake, na hatimaye akaanza kupona. Ni rahisi kuihakiki kama kitabu cha mawaidha: msichana alinyamaza, akateseka, akasema, akapona. Sisi tunaona kuwa usomaji huo unaipunja riwaya. Hoja yetu katika makala haya ni kwamba Speak haimlaumu anayenyamaza. Inawachunguza wale waliopaswa kusikia. Kwa kuwa wengi wao ni wazazi na walimu, uchunguzi huo unatugusa sisi moja kwa moja.

Muhtasari wa Riwaya

Melinda Sordino anaanza masomo ya darasa la 9 katika shule ya sekondari ya Merryweather, mjini Syracuse, jimbo la New York. Tangu siku ya kwanza, ndani ya basi la shule, hakuna anayetaka kukaa naye. Rafiki zake wa zamani wanampa kisogo. Kosa lake linajulikana na wote: mwishoni mwa likizo alipiga simu polisi wakati wa sherehe ya vijana, sherehe ikavunjika na watu wakatiwa mbaroni. Wasilolijua ni kwa nini alipiga simu. Usiku ule Andy Evans, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, alimbaka. Melinda alishika simu, lakini alipojibiwa hakuweza kutamka neno.

Mwaka mzima wa shule unapita akiwa katika hali hiyo. Alama zake zinashuka. Anatoroka vipindi. Anajificha katika kijichumba cha kuwekea mifagio ambacho hakitumiki tena. Nyumbani, wazazi wake huwasiliana naye kwa vijikaratasi vinavyoachwa jikoni. Faraja yake ni somo la sanaa la Bwana Freeman, ambaye siku ya kwanza aliwapa wanafunzi kura za vijikaratasi. Kila mmoja apate kitu kimoja cha kukichora na kukichonga kwa mwaka mzima. Melinda alipata neno moja tu: mti.

Mwandishi ameijua hali hii mwenyewe. Mwaka 2019 Anderson alichapisha Shout, tawasifu aliyoiandika kwa ushairi, ambamo anaeleza kwamba yeye pia alibakwa akiwa na umri wa miaka 13. Hatusemi kuwa Melinda ni Anderson. Tunasema tu kwamba ukimya unaochorwa humu haukubuniwa mezani.

Fani: Ukimya Unavyoandikwa

Swali la kwanza la kifani ni hili: mwandishi atamfanyaje mhusika bubu kuwa msimulizi? Anderson ametumia nafsi ya kwanza na wakati uliopo. Melinda hasemi na wenzake, lakini anasema nasi. Tena anasema kwa ufasaha, kwa kejeli na kwa ucheshi mkali. Walimu amewapachika majina ya utani: Mwanamke Nywele ni mwalimu wa Kiingereza, na Bwana Shingo ni mwalimu wa historia. Matokeo yake ni kwamba msomaji anakuwa mtu pekee anayejua jinsi msichana huyu alivyo na maneno mengi. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Katika riwaya hii mshindo huo tunausikia sisi tu, na hapo ndipo taharuki inapozaliwa: tunajua, lakini hatuwezi kumwambia mtu yeyote ndani ya kitabu.

Mbinu ya pili ni mpangilio wa mazungumzo. Mara kwa mara mwandishi anaacha usimulizi wa kawaida na kuyaandika mazungumzo kama tamthilia. Jina la msemaji linatangulia, kisha nuktapacha, kisha maneno yake. Inapofika zamu ya Melinda, tunaona kiwakilishi chake na nuktapacha, halafu nafasi tupu. Wengine wanaendelea kusema kana kwamba hakuna pengo. Mbinu hii inafaa sana kufundishia, kwani inaonyesha kuwa ukimya nao ni zamu katika mazungumzo. Mtu aliyenyamaza bado yumo katika mazungumzo. Ni waliomzunguka walioamua kuruka zamu yake.

Mbinu ya tatu ni muundo. Riwaya imegawanywa katika sehemu 4, kufuata mihula ya kutolea alama, na kila sehemu inaishia kwa ripoti ya shule ya Melinda. Pamoja na masomo ya kawaida, yeye mwenyewe anajitilia alama katika mambo kama mavazi na maisha ya kijamii. Ripoti hiyo inachekesha, lakini ina ukali wake. Shule ina kipimo cha kila kitu: hesabu, baiolojia, Kihispania, mahudhurio. Kipimo hicho kinashuka mbele ya macho ya watu wazima wote, na hakuna anayekisoma kama dalili. Wanakisoma kama uvivu.

Jina la ukoo la mhusika nalo lina maana. Sordino ni neno la Kiitaliano la kifaa kinachowekwa kwenye ala ya muziki, kama vile fidla au tarumbeta, ili kuifisha sauti yake. Ala hainyamazi kabisa. Inalia kwa chini. Hakuna maelezo bora kuliko haya ya msimulizi tuliye naye.

Kujiumiza: Kile Kiambishi -ji-

Sasa tuingie katika jambo linalowafanya baadhi ya walimu wakiogope kitabu hiki. Melinda anajiuma midomo mpaka inatoka damu na kufanya magaga. Katika tukio moja anajikwaruza mkono. Mama yake anaiona mikwaruzo na kumwambia kwamba hana muda wa mambo hayo. Tukio ni fupi sana, na ufupi huo ni wa makusudi. Anderson hafanyi tamasha la jeraha. Hampambi mhusika kwa damu wala hamfundishi msomaji namna ya kujidhuru. Macho yetu anayaelekeza kwa mama, na kwa jibu lake.

Watafiti na wauguzi wa afya ya akili wametufahamisha kuwa vijana wengi wanaojiumiza hawakusudii kufa. Wanatafuta namna ya kukabiliana na maumivu ambayo hawana maneno ya kuyaeleza. Hata hivyo jambo hili si la kupuuzwa, kwa sababu kujiumiza ni miongoni mwa dalili kwamba kijana yumo hatarini. Sababu zake pia ni nyingi, na si kila anayejiumiza amebakwa. Riwaya haidai hivyo. Inachodai ni kwamba mwili hufanya kazi ya ulimi pale ulimi unaposhindwa.

Hapa Kiswahili kinatupa kioo ambacho Kiingereza hakina. Tuchukue sentensi mbili ambazo mwanafunzi yeyote wa sarufi anaweza kuzichanganua: “aliniumiza” na “nilijiumiza”. Katika ya kwanza kuna watu wawili. Kiambishi a- ni mtendaji, -ni- ni mtendwa. Katika ya pili mtendaji yule wa kwanza ametoweka kabisa. Mtendwa amepanda akakaa mahali pa mtendaji, na pale alipokuwa yeye pamejazwa na -ji-. Mtu mmoja sasa anazishika nafasi zote mbili. Tunaamini kwamba hadithi nzima ya Melinda imo katika badiliko hili dogo. Dhuluma iliyotendwa na mtu mwingine imegeuzwa kuwa kitendo chake mwenyewe dhidi yake mwenyewe, na jamii inayomtazama inaiona sentensi ya pili tu. “Mbona unajiumiza?” wanamuuliza. Hakuna anayeuliza: “Nani alikuumiza?”

Kwa maana hiyo, kupona katika riwaya hii ni kumrudisha mtendaji katika sentensi.

Kutoka “Kitu” hadi Jina

Anderson analifanya jambo hilo hatua kwa hatua. Mwanzoni Melinda hamtaji aliyembaka. Anamwita kwa kiwakilishi cha Kiingereza ambacho hutumika kwa vitu, na kinaandikwa kwa herufi kubwa. Msomaji anajua tu kuwa kuna kitu kwenye korido ambacho msichana anakiogopa. Baadaye anapata jina, lakini limeunganishwa na neno la mnyama wa kutisha. Mpaka muhula wa tatu ndipo tunasimuliwa kilichotokea usiku ule. Mwishoni tunalipata jina kamili, Andy Evans, bila pambo.

Tulijaribu na wanafunzi wetu kufikiri jinsi mfasiri angeishughulikia hatua ile ya kwanza. Wengi walidhani Kiswahili kingeshindwa, kwa kuwa viambishi vyetu vya nafsi havitofautishi mwanamume na mwanamke. Ukweli ni kinyume chake. Kwetu viumbe hai huchukua upatanisho wa a-/wa- hata kama nomino ina umbo la ngeli nyingine: kijana alikuja, kiongozi alisema. Mfasiri akiandika “kilipita karibu nami, kilitabasamu”, kila msomaji wa Kiswahili atashtuka, kwa sababu kitu hakitabasamu. Ngeli ya ki-/vi- ingebeba woga, chuki na dharau kwa pamoja, kama tunavyosikia katika neno “kijitu”. Siku ambayo ki- ingegeuka kuwa a-, msomaji angehisi kuwa msimulizi amepata nguvu ya kumtazama mtu usoni na kusema kuwa huyu ni binadamu, ana jina, na anawajibika. Haya ndiyo mambo yanayotufanya tuamini kuwa somo la ngeli si la kukariri jedwali tu.

Jambo jingine ambalo wahakiki wa haraka hulisahau ni kwamba Melinda anaandika kabla ya kusema. Kwenye ukuta wa choo cha wasichana anaandika onyo kuhusu wavulana wa kuepukwa, na chini yake jina la Andy Evans. Siku kadhaa baadaye anakuta wasichana wengine wameongeza maneno yao. Hakuwa peke yake. Baadaye, akiwa maktabani na Rachel, rafiki yake wa zamani ambaye sasa anatoka na Andy, anamweleza kwa kuandikiana kwenye daftari, kwani maktabani hairuhusiwi kupiga kelele. Kwanza anaandika kuwa mvulana fulani alimbaka. Rachel anamhurumia. Akiulizwa ni nani, anaandika jina, na hapo Rachel anamgeuka na kumwita mwongo mwenye wivu. Mwandishi hatufichi hatari hii: anayesema anaweza asiaminiwe, hata na aliyempenda. Lakini maandishi yale hayafutiki, na Rachel baadaye anamwacha Andy katika dansi ya shule.

Walimu Ndani ya Riwaya

Kwa msomaji mwalimu, sehemu yenye uchungu zaidi ni madarasa. Mwalimu wa Kihispania ameamua kufundisha mwaka mzima bila kutumia Kiingereza. Siku ya kwanza anaigiza maana ya sentensi kwa mikono na uso, na darasa linakisia ovyo. Tulicheka tuliposoma, kwa sababu ni mbinu ambayo wengi wetu tunaipenda na hata kuipigania. Lakini tazama kinaya: ni mwalimu anayefanya kila juhudi ili aeleweke bila lugha, mbele ya mwanafunzi anayetamani aeleweke bila lugha. Hawaonani.

Bwana Shingo ni tatizo la aina nyingine. Melinda ameandika kazi nzuri kuhusu wanawake waliopigania haki ya kupiga kura. Mwalimu anamlazimisha aiwasilishe kwa mdomo mbele ya darasa, la sivyo atafeli. Melinda anagawa nakala na kusimama kimya, akidai kuwa ni mgomo. Anapata D. David Petrakis, mwanafunzi mwenzake anayemstahi, anamkosoa kwa upole: wanawake wale hawakupata haki zao kwa kunyamaza. Hoja ya David ni ya kweli. Lakini inatoka kwa kijana ambaye sauti yake haijavunjwa, na riwaya inaiacha hoja hiyo isimame bila kuitangaza kuwa jibu la mwisho.

Bwana Freeman ndiye tofauti. Siku moja anampa Melinda lifti, na kabla hajashuka anamwambia kwamba anaamini ana mengi ya kusema, na kwamba yeye angependa kuyasikia. Hamwambii aseme sasa. Hamuulizi kuna nini. Anafungua mlango na kuuacha wazi. Miezi inapita kabla Melinda hajapita katika mlango huo.

Kuna pia mwalimu ambaye hayumo darasani. Katika kijichumba chake Melinda amebandika picha ya Maya Angelou, aliyopewa na mtunza maktaba kwa sababu bodi ya shule imepiga marufuku kitabu chake. Tawasifu ya Angelou ya mwaka 1969 inasimulia jinsi alivyobakwa utotoni na kukaa karibu miaka 5 bila kuzungumza na watu, mpaka Bi Flowers wa Stamps, Arkansas, alipomkaribisha nyumbani, akampa vitabu na kumtaka avisome kwa sauti. Anderson haelezi hayo yote. Ameibandika picha tu, na msomaji anayejua ataelewa ni bibi gani anayemlinda mtoto yule gizani.

Mti na Kupona

Taswira ya mti inakua pamoja na mhusika. Mwanzoni michoro ya Melinda imekufa, imenyooka kama nguzo. Anajaribu kuchonga, anaharibu. Anatumia mifupa ya bata mzinga wa sikukuu kutengeneza sanamu yenye kichwa cha mwanasesere aliyezibwa mdomo. Nyumbani, mafundi wanakuja kukata matawi ya mwaloni uliougua. Mtoto wa jirani anadhani mti unauawa, na baba yake Melinda anaeleza kuwa kukata palipooza ndiko kutakakouwezesha kukua tena. Baba hajui kuwa anamzungumzia binti yake. Mti wa mwisho anaouchora si mkamilifu. Una tawi lililokufa na una chipukizi.

Tunapenda taswira hii kwa kuwa haidanganyi. Kupona hapa si kurudi kuwa kama zamani. Kovu linabaki katika mchoro. Kitabu kinaishia pale Bwana Freeman anapoona kuwa msichana amepitia mengi, na Melinda anaanza kumweleza. Hatusikii maelezo yenyewe. Tunayajua tayari. Kilicho kipya ni kwamba safari hii yupo mtu mwingine anayesikia.

Kasoro

Riwaya ina udhaifu wake. Kilele chake ni pambano. Andy anamvamia Melinda katika kijichumba. Melinda anavunja kioo, anamwekea kipande shingoni, anapiga kelele ya kukataa, na timu ya wasichana wa mchezo wa lacrosse iko nje ya mlango. Kesho yake shule nzima inajua na wengi wanamuunga mkono. Kama tukio la riwaya, linaridhisha. Kama picha ya maisha, linaweza kumuumiza msomaji. Waathirika wengi hawapati nafasi ya kumshinda mkosaji mbele ya mashahidi. Kijana anayesoma asije akadhani kuwa ushahidi wake hautoshi mpaka uwepo ushahidi wa pili.

Wazazi nao wamechorwa kwa mistari minene mno. Mama ana shughuli, baba anafoka, basi. Tungependa kujua wanaogopa nini. Aidha msaada wa kitaalamu hauonekani. Mshauri nasaha wa shule anaitisha kikao pamoja na wazazi na mkuu wa shule, lakini kikao chenyewe kinakuwa mashtaka.

Speak na Rosa Mistika

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hawezi kuisoma riwaya hii bila kumkumbuka Rosa wa Euphrase Kezilahabi. Rosa Mistika ilitoka mwaka 1971. Rosa naye ni msichana anayekwenda shule akiwa na jeraha alilolitoa nyumbani, kwa baba mlevi anayempiga na kumwaibisha. Naye pia anaelekeza maumivu yake kwake mwenyewe, na mwisho anajiua. Msimulizi wa Kezilahabi yuko nje, anaona yote, na mara nyingine anahukumu. Msimulizi wa Anderson yuko ndani. Hatudai kuwa moja ni bora. Kezilahabi alikuwa anaishtaki jamii iliyowalea mabinti kwa kufuli badala ya maarifa, na kifo cha Rosa ndiyo hati ya mashtaka. Lakini tukiziweka riwaya hizi pamoja mezani, tunaona kilichokosekana kwa Rosa. Watu wa kumwonya walikuwapo, wa kumhukumu walikuwapo, wa kumtamani walikuwa wengi. Wa kumsikiliza hakuwapo.

Zinafanana pia kwa jambo moja la nje. Rosa Mistika ilizuiwa kwa muda katika shule za Tanzania, kisha ikaja kuwa kitabu cha kiada. Speak iliteuliwa kushindania Tuzo ya Kitaifa ya Vitabu ya Marekani mwaka 1999, na mwaka 2023 mwandishi wake alipewa Tuzo ya Astrid Lindgren kwa kazi zake zote. Lakini mwaka 2020 ilikuwa ya 4 katika orodha ya Chama cha Maktaba cha Marekani ya vitabu vilivyolalamikiwa zaidi. Kitabu kinachosema kuwa watoto hunyamazishwa kinanyamazishwa. Wanaolalamika wanaogopa kuwa kijana atajifunza uovu kwa kusoma. Tunawaelewa. Tunawauliza tu: je, ni nani aliyemwambia Melinda kuhusu uovu huo, kitabu au Andy?

Kulifasiri Jina

Tumebaki na jina la riwaya. Katika Kiingereza ni kitenzi kimoja cha amri. Fasiri ya haraka ni “Sema”. Lakini tunaandika kutoka Uganda, na hapa neno hili lina historia. Tangu enzi za King's African Rifles, Kiswahili kimekuwa lugha ya jeshi na polisi, na kwa watu wengi kilisikika kwenye vizuizi vya barabarani kabla ya kusikika darasani. “Sema!” ni neno la anayekuhoji huku ameshika fimbo. Serikali iliamua mwaka 2022 kuwa Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Kumbukumbu hiyo haiondoki kwa uamuzi wa serikali.

Wapo waliopendekeza “Nena”, lakini ni la kishairi mno kwa msichana anayewaita walimu wake kwa majina ya utani. “Zungumza” linahitaji watu wawili, na hilo ni zuri, ila halina ukali. Sisi tunaona “Sema” libaki, kwa sababu hiyo hiyo inayotutia shaka. Riwaya nzima ni pambano baina ya “sema” mbili. Ya kwanza ni amri: ya Bwana Shingo, ya baba, ya kikao cha mkuu wa shule. Ya pili ni mwaliko wa Bwana Freeman. Neno ni lile lile. Kinachotofautisha ni yule anayelitamka, na kama ana subira ya kungoja jibu. Methali yetu inasema mficha maradhi kifo humuumbua, na ni kweli. Lakini methali hiyo inamtwisha mgonjwa mzigo wote. Haimuulizi aliyekuwa karibu naye kama alikuwa na masikio.

Hitimisho

Tukirudi darasani, tufikirie insha ambayo kila mwalimu wa Kiswahili ameitoa: siku ambayo sitaisahau. Wengi huandika kuhusu harusi, ajali au ziara. Mmoja anaandika jambo jingine, kwa Kiswahili kibovu, upatanisho wa ngeli umevurugika, kurasa mbili. Amechagua lugha yetu kwa sababu labda nyumbani hakuna aisomaye. Ule ni ukuta wa choo wa Melinda na daftari lake la maktabani. Mwalimu anayezungushia duara makosa 17, akaandika “jitahidi” na kurudisha daftari, amemruka mtu zamu yake.

Hatusemi mwalimu wa lugha awe tabibu. Bwana Freeman hakuwa tabibu. Kazi yetu ni ndogo na ina mipaka: kuona, kumwita mwanafunzi faraghani, kumwambia kuwa tumesoma na tunamwamini, kutomwahidi siri ambayo hatuwezi kuitunza, na kumfikisha siku ileile kwa mshauri nasaha au mhudumu wa afya aliyefunzwa. Mwanafunzi anayejiumiza haadhibiwi, haaibishwi mbele ya wenzake, wala haambiwi kuwa hatuna muda. Alama za kuzungumza zinaweza kusubiri. Anayeshindwa kusimama mbele ya darasa apewe njia nyingine, aandike, achore, au aseme na mtu mmoja kabla ya watu 50.

Speak inafaa kusomwa na wanafunzi wa sekondari ya juu na wa vyuo, ila mwalimu aisome kwanza na asiwaache peke yao nayo. Tunawakaribisha wasomaji, hasa walimu walio mashuleni, watuletee maoni yao kuhusu riwaya hii na kuhusu jina ambalo wao wangeipa kwa Kiswahili. Mapendekezo yatachapishwa katika toleo lijalo.